Hajashuka Leo

Niliondoka Mackinnon Road juu ya lori la mbuzi. Mbuzi walikuwa chini, sisi watu tulikaa kwenye mabomba ya chuma yaliyopita juu ya migongo yao, miguu ikining'inia, na kila gurudumu lilipoingia shimoni miguu yetu iligusa pembe. Kwa njia ya lami ningepitia Mariakani na Mombasa, nikavuka Likoni, nikafika siku ileile. Lakini dereva alikuwa na mbuzi wengine wa kuchukua Kinango, nami nilipanda kwa hisani yake, na anayebebwa hachagui njia. Tukaiacha lami Samburu tukaingia kwenye vumbi.

Tulilala Kinango. Asubuhi tukapanda hadi Kwale, na huko juu, kabla barabara haijaanza kuteremka kuelekea Kombani, niliiona bahari. Haikunifurahisha. Nilizaliwa kando ya reli, mahali ambapo kila kitu hupita na kwenda zake, na nilikuwa nimeshapakia mkonge Mwatate, nimeshachimba malambo, nimeshauza maji kwa madereva wa malori. Kule kote niliweza kuona njia ya kuendelea mbele. Pale niliona mwisho wa njia.

Kazi niliyokuwa naiendea niliisoma kwenye tangazo lililobandikwa ukutani mwa ofisi ya chifu. Shirika moja lenye ofisi Ukunda lilitaka mtu aliyemaliza kidato cha nne, anayejua kuendesha pikipiki, anayesikia lugha za Wamijikenda, na asiyeogopa kulala ugenini. Hilo la mwisho ndilo lililonipa moyo. Mengine ningejifunza.

Mbuzi waliteremshwa Ukunda. Mimi nilipewa pikipiki, koti la mvua na maelezo ya njia: pita Msambweni, endelea kama unakwenda Vanga, halafu kata kushoto penye msikiti ambao haujamalizwa kujengwa. Nilifika kijijini jua likiwa limeinama kidogo. Wanawake wa kikundi walikuwa wamekaa kivulini wakifungua mafundo ya kamba, na mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, alinipokea vizuri, akanikaribisha mkekani, kisha akanusa.

"Mwanangu, wewe ni mgeni wetu au ni wa mchinjaji?"

Wakacheka wote. Nilipojaribu kueleza habari za lori, mmoja akasema, "Ni Mduruma huyo, mbuzi ni ndugu zake, mwacheni." Duruma na Digo tunataniana tangu zamani, kwa hiyo nami nikawajibu kwamba mbuzi hata akinuka haliwi na papa. Tangu siku hiyo waliniita Mwana Mbuzi, na nilipoondoka nilikuwa bado naitwa hivyo.

Walilima mwani. Ndani ya mwamba wa bahari, mahali ambapo maji hupungua yakawa ya magoti, kila mwanamke alikuwa na shamba lake: vigingi viwili viwili vilivyokitwa mchangani, kamba zimefungwa kati yake, na kwenye kamba vichipukizi vya mwani vinavyokua hadi vikawa vizito kama mikungu. Kazi ilifanywa wakati wa bamvua, siku zile ambazo maji hupwa sana. Wakati huo huwezi kusema unaumwa na kichwa. Unashuka, unang'oa majani yanayoudandia mwani, unafukuza samaki wa tafi wanaoutafuna, unakaza vigingi, unavuna uliokomaa. Maji yakianza kurudi unapanda.

Mashamba hayakuandikwa jina. Kila mmoja alichana kipande cha leso yake akakifunga kwenye kigingi cha kwanza, na kwa kipande kile shamba lilijulikana. Nililazimika kuzijua leso kabla sijawajua wenyewe. Leso ya maua ya bluu: mwenyekiti. Nyeusi yenye korosho nyekundu: yule aliyenitania habari za mbuzi. Na karibu na mkondo, mahali ambapo mwani hukua vizuri kuliko pengine pote, palikuwa na kipande cha rangi ya manjano chenye mistari ya zambarau.

"Na hili la nani?" niliuliza siku ya kwanza.

Mwenyekiti alikuwa amepita tayari. Alijibu bila kugeuka. "Mwenyewe hajashuka leo."

Siku hiyo pia nilifundishwa jambo ambalo mwanzoni nililichukulia kama mchezo. Nilimwita mmoja wao aliyekuwa mbali kidogo, akaendelea na kazi yake. Nikamwita tena, akainuka: "Labeka!" Nilidhani hasikii vizuri. Mwenyekiti akanieleza kwamba ndani ya maji haitikiwi mwito wa kwanza. Wa kwanza hujui ni wa nani. Aliye hai akikutaka atakuita tena. Asiye hai huita mara moja tu, na ukiitika umekwenda naye. Alisema hayo akifunga fundo, kama mtu anayeeleza kwa nini chumvi hutiwa mwisho.

Watu hudhani kazi ya kuinua uchumi wa kijiji ni kujenga na kugawa. Sehemu kubwa ni kukaa. Nilikaa mikutanoni, nilikaa nikingoja mnunuzi aliyesema yuko njiani, nilikaa chini ya chanja za kukaushia mwani huku mvua ikipita. Nilikaa na vijana pia. Wao walikuwa na swali moja ambalo hawakuchoka kuniuliza.

"Kaka, hii kazi yako, kwa nini wasitupe sisi? Sisi si tuna pikipiki? Si tumesoma hadi kidato cha nne? Au mpaka mtu anuke mbuzi?"

Niliwaambia nafasi zikitokea nitawaambia, na kwa kweli nilipeleka majina yao Ukunda. Lakini kila mkataba uliokuja ulikuwa wa muda mfupi, na ulikwenda kwa mtu wa mbali. Wengine walikwenda Diani kulinda mageti ya hoteli, wengine walivuka kila asubuhi kufagia mchanga kisiwani Chale. Hawakunichukia. Walinitazama tu kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeketi kwenye kiti cha baba.

Bamvua ya pili ikaja, ya tatu ikaja. Shamba la leso ya manjano lilikuwa safi kuliko yote. Kamba zake hazikulegea, mwani wake ulikuwa mnene, wa rangi moja, bila zile ncha nyeupe zinazoonyesha ugonjwa. Lakini mwenyewe sikumwona. Nikiuliza, naambiwa hajashuka leo. Au ameshuka mapema, amepanda. Au nimepishana naye. Nilianza kumtafuta kwa macho. Nikiwa kwenye chanja nilihisi mtu yuko kule karibu na mkondo, nikigeuka naona maji tu na kile kitambaa kikipeperuka. Sikuwa mtu wa kuamini mambo hayo. Kwetu tuliogopa nyoka na ukame. Hata hivyo nilianza kuzunguka mbali nilipopita pale.

Kulikuwa na kanuni, na ni lazima niieleze. Nafasi ndani ya mwamba ni finyu. Kila mwanachama alikuwa na shamba moja, na wanawake wengine walikuwa wakingoja zamu. Shamba ambalo mwenyewe hajaligusa bamvua mbili mfululizo alipewa anayengoja. Shirika lilitaka kanuni hiyo ifuatwe, na mimi nililetwa, pamoja na mengine, kuisimamia.

Asubuhi moja niliwahi. Maji yalikuwa bado yanatoka, jua halijapanda juu ya mwamba, na hakuna aliyekuwa ameshuka isipokuwa mtu mmoja. Alikuwa kwenye shamba lile, amenipa mgongo, ameinama, na mabegani alikuwa amejitanda leso ya manjano yenye mistari ya zambarau. Nikaita, "Mama!" Hakugeuka. Niliona mikono yake ikiendelea kufunga. Nikakusanya pumzi nikaita tena.

Akageuka. Alikuwa ni mtu ninayemjua, mwanamke mrefu wa makamo, mkimya, mwenye shamba lake mwenyewe upande wa pili, shamba la wastani lenye kitambaa cha kahawia.

"Mwana Mbuzi," akasema, "umenitisha."

"Wewe ndiye umenitisha mimi."

Tukakaa juu ya jiwe, maji yakitupita. Akanieleza. Shamba lilikuwa la mke mwenzake, mke mdogo. Alikuwa amefariki katika uzazi kabla sijafika, yeye na mtoto. Alimwacha binti mmoja, ambaye alikuwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Binti hana kitambulisho, na asiye na kitambulisho hawezi kuwa mwanachama. Likisemwa kwamba mwenye shamba amekufa, shamba litakwenda kwa mwingine, na karo ya mtoto itakwenda nalo. Kwa hiyo hawakusema. Walikubaliana wote, hata wale wanaongoja zamu, kwamba mke mdogo yuko, ila hajashuka leo. Na yeye, mke mkubwa, angelitunza hadi mtoto apate kitambulisho.

"Mlikuwa mkipendana sana," nikasema.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Sisi? Tulikuwa hatusalimiani! Alhamisi alisimama hapa, mbele ya watu wote, akaniambia nina mkono wa kiangazi. Kwamba hata mwani ulio majini nikiushika unakauka. Watu wakacheka. Nikasema moyoni, kesho kutwa nitampa jibu lake, nitalitafuta zuri. Jumamosi akafa." Akaushika mwani mmoja akaupima kwa kiganja. "Sikupata nafasi ya kumjibu."

Mwenyekiti alinijia jioni ile. Alikuwa ameambiwa. Hakuzunguka.

"Sasa umejua. Utaandika nini Ukunda?"

"Nitaandika nilichokiona. Nimeona shamba linalotunzwa."

"Basi kula samaki," akasema, akanisogezea sahani.

Nilidhani kwa kujua, ile hali ya kuhisi mtu karibu na mkondo ingeondoka. Haikuondoka. Ilizidi, kwa sababu sasa alikuwa na sura. Nilijua alicheka kwa sauti, alikuwa mwepesi wa maneno, na alipenda rangi ya manjano. Wanawake walimtaja kwa wakati uliopo. "Fulani hapendi kamba za nailoni." "Fulani atakasirika akiona kigingi kile." Msikilizaji mgeni asingejua. Hata mimi niliyejua kuna siku nilijisahau nikauliza kama atakuja mkutanoni. Hakuna aliyeshtuka. Mmoja akanijibu kwamba hadhani.

Miaka miwili baadaye shida ililetwa na uzuri wa shamba lenyewe. Nilikuwa napeleka picha Ukunda kila mwezi, na bosi wangu, kijana wa bara, mchangamfu, asiyejua kukaa, alilipenda shamba lile.

"Buda, huyu mama wa ploti ya yelo ni moto," akaniambia kwenye simu. "Tunampa kazi. Mkufunzi wa kijiji, mshahara, kila kitu. Si vijana wako wanalia kila siku ati kazi zinapewa watu wa nje? Haya, huyu ni wa ndani. Na wageni wanakuja wiki ijayo, nataka wamwone."

Nilimwambia ni mtu wa haya. Nilimwambia hapendi kupigwa picha. Akasema wote husema hivyo.

Wanawake walikutana. Nilikaa nje, nikisikia sauti zikipanda na kushuka. Waliogopa mambo mawili, na hawakuyaogopa sawasawa. La kwanza, kwamba ukweli ukijulikana mtoto atapoteza shamba akiwa amebakisha mwaka mmoja na nusu amalize shule. La pili, kwamba ili ukweli usijulikane, lazima mtu aitike jina la marehemu. Na aliitike mahali palepale, miguu ikiwa majini.

Mke mkubwa akasema ataitika yeye.

Wageni walikuja na viatu vya mpira na kofia. Bosi alikuwa mbele. Ilikuwa likizo ya shule, na yule binti alikuwa ameshuka pwani kusaidia kubeba mwani. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nadhani kila mmoja alifikiri mwingine atamwambia. Alikuwa akipita nyuma yetu na gunia kichwani wakati bosi aliposimama kando ya kitambaa cha manjano, akaliita kwa nguvu jina la mama yake, majina yote mawili, kama wanavyoita zahanati.

Wanawake wote walikuwa wameinamisha vichwa. Nilisikia maji yakinyonywa kwenye mashimo ya mwamba.

Bosi akaita tena.

"Labeka," akasema mke mkubwa.

Sikumtazama yeye. Nilimtazama binti. Alikuwa amegeuka kwa kasi hivi kwamba gunia lilianguka, na usoni mwake, kwa muda mdogo sana kabla hajaona ni nani aliyeitika, palikuwa na furaha. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo. Nimefanya kazi sehemu nyingi tangu wakati ule, na nikisikia jina la mtu likiitwa mahali penye maji, hata kwenye bomba la mtaani, uso ule hunijia. Kisha akaona. Akaliokota gunia lake taratibu, akajitwika, akapanda.

Wageni walifurahi. Walimpigia makofi mke mkubwa, naye alisimama akiwa ameshika leso isiyo yake kwa mikono miwili.

Kazi yenyewe haikupatikana. Ukunda walitaka kitambulisho ili wamwajiri, na kitambulisho cha jina lile kilikuwa kimerudishwa serikalini mwenyewe alipozikwa. Nikasema amekataa kazi.

"Watu wa Pwani bwana!" bosi akasema. "Unawapa kazi mkononi, wanakataa. Halafu wanalalamika."

Sikumjibu. Nilikuwa nimekaa na wale watu vya kutosha kujua kwamba jibu zuri huchelewa.

Mke mkubwa hakushuka bamvua iliyofuata. Alikaa nyumbani, akiitwa haitiki, hata na mumewe, hata mara ya pili, hata ya tatu. Wanawake walisema amebeba majina mawili na hajui ni lipi linaloitwa. Mashamba yake yote mawili waliyafanya wao kwa zamu. Mwenyekiti alimpelekea uji na kumsomea dua. Mwishowe aliyemrudisha alikuwa ni binti. Kabla ya kurudi shuleni aliingia chumbani, akaketi miguuni pake, akamwita, "Mama mkubwa." Mara moja. Na mara ya pili. Aliyenisimulia alisema mke mkubwa aliangalia ukutani kwa muda mrefu, kisha akauliza kama mtoto amekula.

Baada ya hapo alishuka kama kawaida. Lakini ile leso ya manjano hakuivaa tena.

Binti alimaliza kidato cha nne, akapata kitambulisho. Wakati uleule shirika lilibadili mambo yake. Barua ikaja kwamba mkataba wangu hautaongezwa, na kwamba nafasi yangu atapewa mtu wa kijijini, aliyemaliza sekondari. Nadhani ilikuwa haki. Niliwaita vijana, nikawasaidia kuandika maombi, kila mmoja lake, nikawapeleka Ukunda wawili wawili kwa pikipiki. Aliyechukuliwa ni yule binti. Vijana walimtania kwamba sasa na yeye itabidi anuke mbuzi.

Siku niliyoondoka kabisa ilikuwa ya bamvua. Begi langu nilikuwa nimeliacha chini ya chanja. Nilishuka na binti nimwonyeshe mashamba, ingawa aliyajua kuliko mimi. Hivyo ndivyo kazi inavyokabidhiwa: unampitisha mwenzako mahali anapopajua, yeye anaitikia kwa kichwa kwa adabu. Wanawake walikuwa wametawanyika kila mmoja kwake. La mwenyekiti, nikasema. La fulani. Tukafika karibu na mkondo. Kitambaa kilikuwa kimepauka, manjano imekuwa nyeupe, mistari ya zambarau haionekani. Nikafanya kama nilivyofanya siku ya kwanza, si kwa kukusudia, ni mdomo tu uliozoea.

"Na hili la nani?"

Niliona migongo ya wanawake ikitulia, kazi ikisimama. Wote walikuwa na jibu lile moja tayari.

"Lilikuwa la mamangu," akasema binti. Hakupaza sauti, lakini maji yalikuwa yametulia. "Mamangu amekufa."

Hakuna aliyekuwa amelisema neno hilo pale mbele ya watu wote tangu kifo kitokee. Mwenyekiti akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari sasa hivi. Yule wa korosho nyekundu akakaa chini, majini, na nguo zake, akaanza kulia. Wengine wakafuata. Walilia kama wanavyolia siku ya msiba, kwa sauti zote, mwani ukielea kati yao, kilio ambacho walikuwa wamekishika kwa miaka ili mtoto asome. Binti alifungua kile kitambaa. Fundo lilikuwa limeganda kwa chumvi, ikabidi atumie meno. Kisha akachana kipande cha leso yake mwenyewe, ya kijani kibichi, akafunga.

Mimi nilianza kupanda. Hapakuwa mahali pangu tena pale. Nilikuwa nimefika penye mchanga mkavu niliposikia kilio kimepungua, na juu yake sauti ya mke mkubwa. Niligeuka kidogo. Alikuwa amesimama kando ya mkondo, ameinua kamba moja ya mwani kwa mikono miwili, nzito, inatiririka maji, ameinyanyua mbele ya uso wake kama anayemwonyesha mtu.

"Haya, niambie sasa," akasema. "Nani ana mkono wa kiangazi?"

Nilichukua begi langu. Sikutaka kungoja, na miguu ikangoja. Hakuna kilichojibu isipokuwa maji, yaliyokuwa yameanza kurudi.

Nikashika njia ya msikiti. Nyuma yangu nikamsikia akiuliza mara ya pili.